Mjadala: Nyumba za baraza za Bondeni na Kiusa, Moshi mjini, zilindwe au mwenye kiwanja aamue mwenyewe?

Mjukuu wa Bondeni (mleta mada)

Wakuu, habari za asubuhi. Wiki iliyopita nilishuka Moshi kwa msiba, na tulipomaliza kuzika nikapita Bondeni kusalimia. Nyumba tatu zilizokuwa zimefuatana tangu nazaliwa sikuzikuta. Pamezungushwa mabati, ndani kuna lundo la mchanga na nondo. Mtaa wenyewe sitautaja kwa sababu familia mbili kati ya hizo bado hazijamaliza mazungumzo yao. Ila swali nalileta hapa wazi: Manispaa iweke utaratibu wa kuzilinda nyumba za zamani za makazi kule Bondeni na Kiusa, au kila mwenye kiwanja aachwe afanye atakavyo?

Msimamo wangu nautoa mapema. Zilindwe, na ulindwe mstari mzima wa mtaa, kwa sababu nyumba moja ikibaki peke yake katikati ya maghorofa ni sawa na jino moja kinywani.

Tukumbushane mji huu ulivyoanza. Moshi ya asili iko juu, Old Moshi, kwa Mangi (chifu) Rindi na mwanawe Meli ambaye Wajerumani walimnyonga tarehe 2 Machi 1900. Huku chini tunakokuita mjini kumeletwa na reli. Walianza kuijenga Tanga mwaka 1893, ikafika hapa 1911, miaka 18 baadaye, na mji ukakua kuizunguka stesheni. Reli ikaja na watu wake: vibarua, makarani, wapishi, mafundi cherehani, wauza samaki wakavu. Babu mzaa mama alikuja kwa treni kutoka Tanga, akabeba mizigo stesheni mpaka mgongo ukamkatalia. Mchagga wa wakati ule hakuwa na shida ya nyumba mjini, alikuwa na kihamba chake, shamba la migomba la ukoo, mlimani, anateremka sokoni asubuhi na jioni anapanda. Waliojenga huku bondeni ni wale ambao hawakuwa na pa kupanda.

Nyumba ya bibi ilikuwa na vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, korido katikati. Ukisimama mlango wa mbele unaona moja kwa moja mpaka uani, na upepo unapita hapo hapo, mchana wa Februari joto likizidi tunatandika mkeka koridoni tunalala. Uani kuna jiko, bafu, choo, kamba za nguo na mpapai. Chumba cha kwanza kulia alikaa bibi mwenyewe, vingine vilipangishwa. Niliokua nao koridoni ni watoto wa Kipare, wa Kirangi, wa Kimanyema, na familia moja ya Kisomali iliyokuwa na redio. Nimejifunza kuamkia watu wazima kwa lugha nne kabla sijaanza darasa la kwanza.

Halafu baraza. Yule asiyekulia huku anaona ni kiukuta cha kukalia. Pale ndipo muuza kahawa alipokuwa anatua birika lake baada ya Magharibi, ndipo bao lilipochezwa, ndipo taarifa ya msiba ilipoanzia kabla hatujawa na simu. Mzee akikaa barazani kwake anajua mtoto gani hajaenda shule leo, na mgeni akipita mara ya pili anaulizwa anamtafuta nani. Jengo linalosimama sasa lina geti la chuma na ukuta unaoanzia pale pale mfereji ulipo. Hakuna pa kukaa.

Naomba tujadili kwa hoja.

Mrithi wa Kiusa

Ndugu yangu, pole na msiba. Nimekusoma mpaka mwisho na bibi yako nilimfahamu, Mungu amrehemu. Lakini sikubaliani na wewe hata kidogo.

Umepita, umesalimia, umeumia, umerudi unakoishi. Mimi ndiye ninayelala ndani ya hiyo historia. Masika ikianza naamka usiku kuweka ndoo chumba cha mbele. Ukuta wa upande wa choo umevimba, ukiubonyeza kwa kidole udongo unatoka. Choo ni kimoja kwa kaya tano. Baraza unayoililia imepasuka katikati, na kijana aliyekaa hapo mwaka juzi akaanguka akavunjika mkono, gharama nikalipa mimi.

Na nikwambie kinachobomoa nyumba hizi, maana kila mtu anasingizia matajiri. Kinachobomoa ni mirathi. Baba aliacha wake wawili na watoto tisa. Wake wanagawana thumni moja, yaani sehemu moja ya nane, kinachobaki kinaenda kwa watoto, wa kiume mafungu mawili, wa kike fungu moja. Sasa nionyeshe utakavyoigawa nyumba ya vyumba sita kwa watu kumi na mmoja. Dada yangu mkubwa ana ada ya watoto wawili, mdogo wetu yuko Tanga hana kazi. Kodi za wapangaji tukizikusanya na kuzigawa kila mmoja anapata hela ya sukari. Akija mnunuzi, kiwanja kinageuka fedha, na fedha inagawanyika bila watu kununiana. Dalali akija haingii hata ndani. Anapima kiwanja kwa hatua, nyumba anaihesabu sifuri.

Ukisema ilindwe, sema pia hawa kumi na mmoja wale nini.

Mzaliwa wa Mawenzi

Nichangie kidogo tu. Upande wetu wa Uhindini hadithi ni tofauti. Mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, yakawa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakaingia Shirika la Nyumba. Zile nyumba za duka mbele na familia nyuma, nyingi mwenye nazo akawa mmoja. Ndiyo maana kule kuhifadhi ni suala la uamuzi mmoja mezani. Bondeni na Kiusa kila mlango una kesi yake. Mleta mada asizichanganye.

Kihamba Changu

Mimi ni wa Uru, na nitasema jambo ambalo wenzangu wa mlimani wanalijua ila hawalisemi hadharani. Moshi mjini hakuna anayepaita nyumbani. Muulize Mchagga mwenye ghorofa mbili pale Majengo kwao ni wapi, atakwambia Kibosho, Machame, Rombo. Desemba wote tunapanda. Tukifa tunapandishwa, tunazikwa migombani kwa baba zetu. Nyumba ya mjini kwetu ni mradi kama ulivyo mradi wa daladala: ukichakaa unauza, unanunua mwingine. Ndiyo maana nyumba tatu zinaanguka na hakuna mlio.

Sisemi kwamba ni vizuri. Nasema mleta mada anadai huruma kwa watu ambao moyo wao haujawahi kuwa pale.

Na kama ni historia ya mji, mbona yapo majengo yanayostahili zaidi? Stesheni ipo, na treni ya abiria imerudi tangu Desemba 2019 baada ya miaka zaidi ya ishirini. Kuna jengo la KNCU, chama cha ushirika cha mwaka 1933 kilichojengwa juu ya kile cha wakulima wa kahawa cha 1925. Lile jengo lilisanifiwa na Ernst May, Mjerumani aliyehamia Afrika Mashariki mwaka 1934, ambaye kabla ya hapo alikuwa amejenga mitaa mizima ya wafanyakazi kule Frankfurt. Limejengwa kwa kahawa ya baba zetu. Hilo nikiambiwa nichange nalichangia kesho. Nyumba ya udongo ya vyumba sita iko Tanga, iko Tabora, iko Dodoma. Moshi ina nini cha pekee hapo?

Mjukuu wa Bondeni

Kihamba, umesema kweli na imeniuma, kwa sababu ndiyo hoja yangu yenyewe umeigeuza upande wa pili. Ninyi mna migomba ya kurudi. Sisi tukifa tunazikwa hapa hapa mjini. Bibi yangu hakuwa na Desemba ya kupanda mahali. Ile korido ndiyo ilikuwa kihamba chake. Ukibomoa nyumba ya mjini ya mtu wa Uru, historia yake inabaki Uru. Ukibomoa ya Bondeni hakuna nyingine mahali popote.

Stesheni na KNCU zibaki, naunga mkono. Ila jiulize magunia ya kahawa nani aliyapakia behewani. Unahifadhi jengo la mwenye kahawa, unaliacha la mpakiaji.

Na zile za Tanga na Tabora ni kweli ni ndugu za hizi, tena hiyo ndiyo sifa yake. Mtu alitoka pwani na namna yake ya kujenga, akaipandisha na treni hadi chini ya Kibo. Kule juu Mchagga alikuwa na nyumba yake ya msonge. Huku chini, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu, kuna baraza ya Kiswahili. Mahali zilipokutana ni sokoni kwetu.

Mpima Ramani

Nafanya kazi za mipangomiji, si Moshi. Naomba niwashushe chini kidogo kwenye sheria, maana mnajadili kana kwamba ulinzi upo unasubiri kuombwa.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda yenyewe, bila tangazo, majengo ya kabla ya mwaka 1863. Kwa Kilwa na Bagamoyo hapo utapata kitu. Kwa Moshi mjini, reli imefika 1911. Hakuna ukuta hata mmoja huku chini utakaofikia umri huo. Njia inayobaki ni Waziri kutangaza jengo au eneo katika Gazeti la Serikali, na ili atangaze lazima kuwe na kitu cha kumpelekea: ramani, vipimo, picha, majina ya wenye nyumba na ridhaa yao. Barua ya malalamiko haitoshi.

Pili, watu wanapenda kusema "wenye nyumba za zamani wasamehewe kodi ya majengo." Hiyo kodi inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Ni 18,000 kwa mwaka. Ukimsamehe Mrithi wa Kiusa hiyo 18,000, wale kumi na mmoja watagawana nini? Msaada wa maana ni mwingine kabisa, ni kumruhusu ajenge. Viwanja vile ni virefu, uani kuna nafasi. Mwenye nyumba akiruhusiwa kupandisha ghorofa mbili nyuma, kwa sharti kwamba vyumba viwili vya mbele, paa lake na baraza vinabaki kama vilivyo, mtaa haupotezi uso wake na yeye anapata vyumba vya kupangisha. Hilo linaandikwa kwenye masharti ya kibali cha ujenzi, halihitaji Waziri.

Tatu, na hili ni kwa mleta mada: kutangazwa pekee hakujawahi kushikilia paa. Mji Mkongwe wa Zanzibar umo kwenye orodha ya UNESCO tangu mwaka 2000. Sehemu ya Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, ikaanguka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakafa. Jengo lililopigwa picha kuliko yote kisiwani.

Fundi wa Chokaa

Salaam kwenu. Nimepiga lipu miaka thelathini, naongea nilichokishika kwa mkono.

Huo ukuta wa Mrithi uliovimba naujua bila kuuona. Uliza nani aliupiga lipu ya saruji. Ukuta wa miti na udongo, au wa tofali mbichi, unakunywa maji kutoka chini na kuyatoa kwa nje, ndivyo unavyoishi. Wazee waliupaka chokaa, na chokaa inapitisha unyevu. Miaka ya baadaye kila mtu akataka nyumba yake ionekane ya kisasa, fundi akaja na saruji, akaufunga ukuta kama mtu aliyevalishwa nailoni juani. Maji hayana pa kutokea. Udongo wa ndani unalainika, miti inaoza, mchwa anaingia, na siku moja lipu inaachia kama ganda. Watu wanasema nyumba imezeeka. Nyumba imezibwa pumzi.

Dawa yake ni kubandua saruji yote, kukausha ukuta kiangazi kizima, kubadilisha miti iliyooza, kuchimba mfereji ili maji ya paa yasirudi kwenye msingi, ndipo kupiga lipu ya chokaa na mchanga. Ni kazi ya miezi. Vijana ninaofanya nao hawaijui kwa sababu hakuna anayewalipa waijue, wanajua tofali za bloku na gypsum. Nikiondoka mimi na mwenzangu mmoja wa Njoro, hata mkipata hiyo sheria mtakosa mtu wa kuishika.

Ila niseme ukweli. Kuna nyumba huko nimeingia nikatoka nikamwambia mwenyewe abomoe kabla haijaua mtu. Si zote za kuokoa.

Mrithi wa Kiusa

Fundi, umenigusa. Lipu ya saruji alipiga baba mwenyewe mwaka 1988, tukashangilia. Nilidhani ndivyo tulivyoiokoa nyumba.

Mpima, hilo la ghorofa nyuma ni mara ya kwanza kulisikia likisemwa na mtu wa fani. Mimi nilipoulizia nilijibiwa kwamba kiwanja ni kidogo, nibomoe nianze upya. Hakuna aliyeniambia kuna njia ya katikati. Ila mtaji wa kujenga hizo ghorofa mbili natoa wapi? Benki inataka hati yenye jina moja, na hati yetu bado ina jina la marehemu.

Mpangaji wa Uani

Shikamooni wakubwa. Nimesoma yote, mmeongelea wenye nyumba, mafundi, Waziri, hata Wajerumani. Mimi nakaa chumba cha nyuma kushoto, nyumba ya aina hiyo hiyo, mwaka wa saba sasa. Nauza maandazi na chai barazani kuanzia saa kumi na moja alfajiri kwa ruhusa ya mama mwenye nyumba. Nalipa kodi mwezi kwa mwezi. Hizi nyumba mpya zenye geti wanataka ya miezi sita mkupuo, na hawakuruhusu kuwasha jiko la mkaa.

Nyumba ya jirani ilipobomolewa, kaya tano zilihama kwa siku kumi na nne. Mmoja yuko Pasua, mmoja amerudi kwao Same, wengine sijui. Watoto wakahama shule katikati ya muhula. Hakuna aliyewapiga picha.

Swali langu ni hili. Mkiilinda nyumba ikapendeza, ikapakwa chokaa, halafu mwenye nyumba akaona watalii wa mlima wanapita na kamera akageuza vyumba kuwa vya kulala wageni kwa dola, mimi nitakuwa nimelindwa na nini?

Mjukuu wa Bondeni

Dada, marahaba. Sikuwa nimewafikiria wapangaji, na ni aibu kwangu, kwa sababu mama yangu alizaliwa kwenye chumba cha kupanga kabla bibi hajanunua ile nyumba. Ulichokieleza kuhusu maandazi yako alfajiri ndicho nilichokuwa najaribu kukieleza kwenye mada nikaishia kwenye kahawa na bao.

Nimebadilisha ombi langu. Sitaki tena amri ya kuzuia kubomoa. Nataka mambo matatu, tena kwa mpangilio huu. Kwanza, Manispaa isitoe kibali cha kubomoa nyumba yoyote ya kabla ya Uhuru kule Bondeni na Kiusa mpaka nyumba hiyo ipimwe, ichorwe, ipigwe picha, na waliomo ndani, wenye nyumba na wapangaji, waandikwe majina na walikotoka. Hata ikibomoka, iwe imejulikana. Pili, sharti la baraza na vyumba viwili vya mbele, nyuma mtu ajenge, kama alivyoeleza Mpima. Mwenye kutaka kibali hicho chepesi akubali kuwarudisha wapangaji aliokuwa nao kwa kodi ya mwezi mwezi kwa muda utakaokubaliwa. Tatu, wasaidizi wa kisheria wakae wiki mbili ofisi ya kata kusaidia familia kumaliza mirathi na kubadilisha majina ya hati, kwa sababu bila hilo mengine yote ni maneno.

Kihamba, najua utaniuliza nani atalipa. Kwa la kwanza sihitaji fedha ya mtu. Kupima nyumba ya vyumba sita ni kazi ya siku moja ya watu watatu.

Kihamba Changu

Sikuulizi nani atalipa. Nakuuliza ni nyumba ngapi zimebaki.

Mjukuu wa Bondeni

Kwa mtaa wetu nilihesabu kwa mguu siku ile ya msiba. Zenye baraza upande wa kulia saba, kushoto nne. Nikiwa mtoto zilikuwa pande zote bila pengo.

Kihamba Changu

Basi niandike kwenye hao watu watatu. Mikono ninayo.

Mrithi wa Kiusa

Anzeni na ya kwetu kabla wenzangu hawajasaini kwa mnunuzi. Mdogo wetu wa Tanga anafika Ijumaa usiku, Jumamosi tutakuwepo kumi, mmoja tu ndiye mgonjwa. Njooni saa tatu. Leteni futi kamba ndefu, na Fundi aje na patasi yake aguse ule ukuta wa upande wa choo, aniambie mbele ya ndugu zangu kama huu ni wa kupona au ni wa kubomoa. Atakachosema yeye nitakikubali.